Anasikia ila hashiki: mwongozo kamili wa kumsaidia mtoto ambaye ubongo wake unapata shida kuchambua sauti

Mwalimu anasema, "Fungueni ukurasa wa kumi na nne." Darasa zima liko ukurasa wa 14, mtoto mmoja yuko ukurasa wa 18. Akiulizwa, anaapa amesikia "nane". Jioni anaambiwa mjomba hatakuja, yeye anakaa mlangoni kumsubiri, kwa sababu ile "ha" ya mwanzo imempita. Ukimtuma vitu vitatu analeta kimoja. Wapo wanaosema linaingia sikio hili linatokea lile, na wapo wanaomwita sikio la kufa. Siku anayopelekwa kupimwa masikio majibu yanarudi safi, na hapo mambo huharibika zaidi, maana kila mtu sasa ana karatasi ya kuthibitisha kwamba mtoto anasikia, basi tu hataki.

Huenda ana kile kinachoitwa shida ya kuchakata sauti: masikio yanasikia, ubongo ndio unaopata tabu kuchambua. Mwongozo huu ni kwa mzazi na mwalimu wa mtoto wa namna hiyo, hasa mtoto ambaye tayari ana shida ya kusoma, kuandika au lugha. Nina msimamo mmoja na hatua zote zinaufuata: sauti inayomfikia mtoto isafishwe kwanza, ndipo tuhangaike na kumfundisha kuisikiliza. Wengi huanzia upande wa pili. Wananunua programu za mazoezi ya ubongo huku mtoto ameketi nyuma ya darasa, kando ya mlango, chini ya feni.

Sauti inavyosafiri mpaka iwe neno

Sikio hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa ishara za umeme. Kiwambo cha sikio kinatikisika, vifupa vitatu vinaupeleka mtikisiko kwenye koklea, kile kiungo cha sikio la ndani chenye umbo la konokono, na chembe zenye vinyweleo ndani yake zinaamsha neva ya usikivu. Kazi ya sikio inaishia hapo. Kutoka hapo ishara inapanda kwenye shina la ubongo, inapita vituo kadhaa, inafika thalamasi, kituo cha kupokezana ishara katikati ya ubongo, kisha gamba la ubongo upande wa kichwa, juu kidogo ya sikio. Safari ya kuvuka shina la ubongo huchukua chini ya milisekunde 10.

Njiani kazi ni nyingi. Ubongo unalinganisha sauti ya sikio la kulia na la kushoto ili kujua inatoka wapi, na tofauti ya muda kati ya masikio mawili haifiki hata milisekunde 1. Unatenga sauti ya mwalimu na kelele za wenzake. Unapima vipande vifupi mno vya muda, kwa kuwa kinachotenganisha "pata" na "bata" ni milisekunde makumi tu mwanzoni mwa neno. Unaziba mapengo pale silabi inapomezwa na kikohozi. Juu ya hayo yote unafuata mdundo wa silabi, ambazo kwenye maongezi ya kawaida hupita kama 4 au 5 kila sekunde.

Nusu mbili za ubongo nazo hazifanyi kazi sawa. Mwaka 1961 Doreen Kimura, akifanya utafiti Kanada, alionyesha kwamba ukiyapa masikio mawili maneno tofauti kwa wakati mmoja, watu wengi hutaja vizuri zaidi yaliyoingia sikio la kulia. Sababu ni kwamba njia kuu ya sikio la kulia inavuka na kwenda nusu ya kushoto, ambako watu wengi huchakatia lugha. Neno la sikio la kushoto huenda kwanza nusu ya kulia, kisha livuke daraja la nyuzi linalounganisha nusu hizo mbili. Daraja hilo huchelewa kukomaa. Ndiyo maana mtoto wa miaka 6 kuonekana dhaifu upande wa kushoto si ajabu, lakini wa miaka 11 akiwa bado vilevile ni jambo la kufuatilia.

Shina la ubongo hukomaa mapema, ila uwezo wa kuelewa maneno katikati ya kelele huendelea kukua mpaka ujanani. Kwa hiyo kila mtoto anahitaji sauti safi kuliko mtu mzima. Huyu tunayemzungumzia anahitaji safi zaidi.

Kwa nini huambatana na matatizo ya kujifunza

Sauti ikifika imechakaa, akili hutumia nguvu nyingi kubahatisha imesema nini. Nguvu hizo zilitakiwa zielewe, zikumbuke na ziunganishe. Mtoto anafika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Kwenye kusoma, herufi ni lazima zishikizwe kwenye sauti, na kama "p" na "b" hazijatengana vizuri kichwani, herufi haina pa kushika.

Hata hivyo wataalamu hawajakubaliana kipi ni chanzo na kipi ni matokeo. Paula Tallal, tangu miaka ya 1970, alishikilia kwamba shida iko kwenye kuchakata sauti zinazobadilika haraka. Usha Goswami wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, anaangalia mdundo wa polepole, yaani jinsi ubongo unavyoshika kupanda na kushuka kwa silabi. Mtafiti Nina Kraus wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, amepima jinsi shina la ubongo linavyonakili sauti ya usemi na akakuta baadhi ya watoto wenye shida ya kusoma nakala yao haitulii. Upande mwingine yupo David Moore na wenzake, ambao mwaka 2010 walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 1,400 wa Uingereza wenye miaka 6 hadi 11 na kusema kwamba mengi yanayoitwa shida ya kuchakata sauti ni shida ya umakini.

Kwa mzazi, mabishano hayo yana funzo moja la kazi: usikubali jibu la jina moja upesi. Mtoto mwenye shida ya kuchakata sauti peke yake, bila shida ya lugha, kusoma au umakini, ni nadra. Mara nyingi zinakuja mbili au tatu zimekumbatiana.

Hatua ya 1: Malizana na masikio

Anza na daktari wa masikio, pua na koo, kisha mtaalamu wa usikivu. Nta iliyoziba na majimaji nyuma ya kiwambo ndivyo vinavyodanganya zaidi. Majimaji hayaumi, mtoto halalamiki, lakini yanaweza kupunguza usikivu kwa desibeli 20 hadi 30, tena kwa kuja na kuondoka. Wiki hii anasikia, wiki ijayo hasikii, na kila mtu anasema anachagua cha kusikia. Mtoto anayekoroma, anayepumua kwa mdomo au mwenye mafua yasiyoisha aangaliwe kwa makini zaidi.

Omba vipimo vitatu angalau. Kwanza kipimo cha kusikia milio, kila sikio peke yake, kwenye hezi 500, 1,000, 2,000 na 4,000. Pili timpanometria, inayopima kama kiwambo kinacheza vizuri. Tatu kipimo cha kusikia maneno, si milio tu. Hicho cha tatu husahaulika, na ndicho kinachofichua hali iitwayo neuropathia ya usikivu: koklea nzima, milio inasikika, lakini ishara kwenye neva haziendi pamoja na maneno yanafika yamesagika. Kama mtoto alizaliwa njiti au alipata manjano kali siku za mwanzo, mwambie mtaalamu hata asipokuuliza. Ataongeza kipimo cha mwitikio wa shina la ubongo.

Kuna jambo moja lisilosubiri hatua zinazofuata. Mtoto aliyekuwa anaelewa na kuongea vizuri, hasa wa miaka 3 hadi 7, kisha ndani ya wiki au miezi akaanza kutoelewa maneno kama vile amekuwa kiziwi, apelekwe kwa daktari wa neva haraka. Kuna aina adimu ya kifafa, ugonjwa wa Landau-Kleffner, inayoanza hivyo, wakati mwingine bila degedege lolote la kuonekana. Hugunduliwa kwa kupima umeme wa ubongo mtoto akiwa amelala.

Hatua ya 2: Andika, usikariri

Chukua daftari. Kwa wiki mbili, kila mtoto anapokosa alichoambiwa, andika mambo manne: aliambiwa nini hasa, yeye alielewa nini, ulikuwa wapi na umbali gani, na kulikuwa na sauti gani nyingine. Mwalimu afanye hivyohivyo, hata kwa mistari miwili kwa siku. Usiandike "hakusikiliza". Hiyo ni hukumu, na haimsaidii mtaalamu yeyote.

Mistari mizuri huonekana hivi:

*Jumanne, jikoni, maji yanachuruzika. Nilisema "kalete kisu" nikiwa nimempa mgongo. Akaleta kitu cha kufungia chupa. Anasema alisikia "kile kitu".*

*Jumatano, sebuleni, kimya, tunatazamana. Maagizo matatu, akafanya yote.*

Ukiiweka mistari hiyo miwili pamoja umeshapata kitu. Anaharibikiwa kwenye kelele na asipoona uso, na kwenye ukimya anaweza. Kama daftari linaonyesha anakosea popote, hata kwenye ukimya na sentensi fupi, huenda shida iko kwenye lugha yenyewe. Kama anakosea asubuhi ya kuchosha na jioni ya katuni, na kwa kuonyeshwa picha pia anakosea, tazama umakini.

Fanya na jaribio dogo la nyumbani. Kaa naye kwenye chumba tulivu, umbali wa mita 1, ukizuia midomo yako isionekane kwa karatasi iliyo mbali kidogo na mdomo ili isizibe sauti. Mwambie utataja maneno mawili naye aseme sawa au tofauti. Tumia pata na bata, pika na piga, fua na vua, chana na jana, taka na daka, ukichanganya na yanayofanana kabisa kama pika na pika. Rudia siku nyingine redio ikiwa imewashwa kwa sauti ya maongezi. Jozi ya kula na kura nimeiacha makusudi: wasemaji wengi wa Kiswahili hawatenganishi "l" na "r" kwa sababu ya lugha ya kwanza nyumbani, na huo si ugonjwa.

Jaribio hili halitoi jina la ugonjwa. Linakuonyesha tu kama makosa yanaongezeka kelele ikiingia, na ni jozi zipi zinamsumbua. Akikosea sana hata kwenye ukimya, rudi kwa mtaalamu wa usikivu na umwone pia mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha bila kuchelewa.

Hatua ya 3: Tenganisha yanayofanana

Kazi hii inahitaji zaidi ya mtu mmoja. Mtaalamu wa usemi na lugha apime msamiati, uelewa wa sentensi na uwezo wa kucheza na sauti za maneno. Mwanasaikolojia wa elimu apime kumbukumbu ya muda mfupi, umakini na usomaji. Bila picha hiyo, kipimo cha kuchakata sauti kinaweza kusoma shida nyingine.

Lugha ya kipimo nayo ni mtego. Kiswahili hubeba maana nzito kwenye silabi nyepesi za mwanzo, katikati na mwisho wa kitenzi: amempiga, amempigia, amepigwa, hakupigwa. Mtoto anayepoteza silabi hizo kwenye kelele anapoteza nani kafanya nini. Lakini mtoto huyohuyo akipimwa kwa maneno ya lugha anayoisikia shuleni tu, atashindwa hata kama ubongo wake unachakata sauti sawasawa. Uliza kabisa: kipimo hiki kimetengenezwa kwa watoto wa lugha gani? Kama si ya kwake, vipimo vya milio na vya tarakimu rahisi anazozijua vizuri vina haki zaidi kuliko vya sentensi.

Hatua ya 4: Kipimo rasmi

Kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa na miaka 7 kuendelea. Chini ya hapo majibu hutofautiana mno kati ya watoto wazima kabisa, hata alama ya chini haina maana ya kutegemewa. Mtoto mdogo asiachwe tu, asaidiwe kwa hatua ya 5 na ya 6, ambazo hazihitaji cheti cha mtu.

Atavaa vipokea sauti na kufanya mambo kama haya: kusikia tarakimu tofauti masikio yote mawili kwa pamoja na kuzitaja zote, kusema milio mitatu ilikuwa ya juu au ya chini na kwa mpangilio gani, kugundua kijipengo kidogo cha ukimya ndani ya mvumo, kurudia maneno yaliyochanganywa na kelele. Mwongozo wa wataalamu wa usikivu wa Marekani wa mwaka 2010 unataka vipimo angalau viwili viwe chini ya wastani wa umri wake kwa mikengeuko sanifu 2 au zaidi (kipimo cha takwimu cha umbali kutoka wastani), walau sikio moja, kabla ya kutaja shida.

Mpeleke asubuhi, ameshiba, amelala vizuri. Kama anatumia dawa za ADHD (shida ya umakini na kutotulia), azitumie siku hiyo kama kawaida isipokuwa daktari aseme vingine, ili kipimo kisigeuke kipimo cha umakini. Omba mapumziko. Majibu yakitoka usitosheke na "ana" au "hana". Uliza ni kazi gani imeshindikana na zipi ameziweza. Mtoto aliyeshindwa sikio la kushoto kwenye tarakimu na kufaulu mengine ana habari ya kufanyia kazi. Aliyeshindwa kila kitu, masikio yote, kiwango kilekile, mara nyingi anatuambia alichoka au shida yake ni pana kuliko sauti.

Hatua ya 5: Safisha sauti

Hapa ndipo fedha na muda vinapolipa haraka. Kwa mtoto, sauti ya mwalimu inapaswa kuzidi kelele ya chumba kwa desibeli 15 hivi. Sasa piga hesabu. Mwalimu anayesema kwa desibeli 65 ukiwa mita 1 kutoka kwake hushuka hadi 59 kwenye mita 2 na 53 kwenye mita 4, maana kila umbali unapozidishwa mara mbili sauti hupoteza desibeli 6 kwenye uwazi. Chumbani kuta hurudisha kidogo, lakini kinachorudi ni mwangwi, nao unafukia silabi inayofuata. Darasa lenye watoto wanaonong'ona na viti vinavyoburuzwa hufika desibeli 55 au 60 bila mtu kuona kuna kelele. Mtoto wa nyuma, basi, anasikiliza sauti iliyo chini ya kelele. Mtu mzima anaziba mapengo kwa uzoefu. Yeye hana cha kuzibia.

Kiwango cha Marekani cha madarasa kinataka kelele ya chumba kitupu isizidi desibeli 35 na mwangwi uishe ndani ya sekunde 0.6. Vyumba vingi havifiki, lakini unaweza kukisogelea bila kubomoa ukuta. Funika miguu ya viti kwa mpira au kitambaa kizito. Weka mapazia, mikeka, mbao za matangazo zilizofunikwa nguo, rafu za vitabu kwenye ukuta mtupu. Funga mlango wakati wa maelezo. Zima feni au projekta kwa zile dakika tatu za kutoa maagizo, kisha iwashe.

Kiti chake kisichaguliwe kwa desturi ya "kaa mbele". Mbele kando ya dirisha la uwanjani ni kubaya kuliko safu ya pili katikati. Unatafuta mahali palipo ndani ya mita 2 kutoka mwalimu anaposimama mara nyingi, uso wa mwalimu unaonekana, mwanga unampiga mwalimu usoni na si mgongoni, na chanzo cha kelele kiko mbali. Mwache mtoto ajaribu viti viwili vitatu na aseme mwenyewe.

Kinachoshinda vyote ni kipaza sauti cha mbali. Mwalimu anavaa kidude sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, mtoto anavaa vipokezi vidogo masikioni, na sauti inafika kana kwamba mwalimu amesimama karibu yake popote alipo. Mtaalamu wa usikivu ndiye anayekirekebisha, kwa sauti ya chini, kwa kuwa masikio ya mtoto huyu ni mazima na yanaweza kuumizwa. Usimnunulie vifaa vya kukuzia sauti vya viziwi. Na kifaa hicho hakisikii majibu ya wanafunzi wengine, kwa hiyo mwalimu arudie swali la mwenzake kabla ya kulijibu. Wakisahau hilo, mtoto anapata nusu ya somo.

Hatua ya 6: Namna ya kusema naye

Taja jina lake, subiri akutazame, ndipo useme. Usipaze sauti. Kupayuka kunaharibu konsonanti, na konsonanti ndizo zilizompotea. Punguza kasi kwa kuweka vituo kati ya vipande, usivute maneno kama kanda mbovu.

Agizo moja, kituo, agizo la pili. Akikosa, rudia mara moja kwa maneno yaleyale, maana huenda amepata nusu na anahitaji kuikamilisha. Akikosa tena, badilisha maneno. Usimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo, watoto hawa wameshajifunza kwamba ndiyo huleta amani. Muulize "utaanza na nini?"

Namba ziandikwe. Kumi na nne iende ubaoni kama 14 au ionyeshwe kwa vidole. Ukanusho uongezewe mguu: badala ya "kesho hatutafanya mtihani" na kunyamaza, sema "kesho hatutafanya mtihani, umeahirishwa". Tarehe na mahali viandikwe kwenye daftari lake kabla hajaondoka. Maneno mapya ya somo apewe siku moja kabla, kwa maandishi na picha, kwa sababu neno analolijua huweza kulibahatisha kwenye kelele na neno geni hawezi. Asiambiwe kusikiliza na kunakili kwa wakati mmoja, apewe muhtasari.

Mpe mapumziko ya masikio. Kusikiliza kwake ni kazi ngumu, na saa nane mchana amechoka kuliko wenzake. Ukimletea kazi ya nyumbani dakika anayoingia mlangoni utapata kilio, na utadhani ni uvivu.

Hatua ya 7: Mazoezi

Mazoezi yafuate udhaifu uliopimwa. Kwa mtoto mwenye sikio moja dhaifu kwenye sauti mbili za pamoja, mtaalamu hushusha sauti ya sikio lenye nguvu, kisha huipandisha polepole kadiri dhaifu linavyoweza. Kwa anayeshindwa kutenga sauti kulingana na inakotoka, yapo mazoezi ya vipokea sauti yanayotengeneza mwelekeo wa kelele. Hayo yafanywe chini ya mtu anayejua.

Ya nyumbani ni dakika 10 hadi 15, siku 5 kwa wiki, na yawe mchezo. Sema "kitabu" bila "ki": tabu. Sema "samaki" bila "sa": maki. "Bata" ikianza na "p" inakuwa nini? Pigeni makofi kwa silabi, kisha yeye apige mdundo mfupi uurudie, nawe umpigie aurudie. Msomee hadithi kukiwa na redio ya chini sana, uulize maswali, na upandishe redio kidogo kila anapojibu sawa 8 au 9 kati ya 10. Akishuka chini ya 7, rudisha redio chini. Zoezi la kushindwa halijengi kitu.

Kusoma ni kazi nyingine, haiji yenyewe masikio yakifunzwa. Mtoto lazima afundishwe herufi na sauti waziwazi, kwa mpangilio, kila siku. Jihadhari na wimbo wa ba be bi bo bu. Watoto wengi wanaukariri kama wimbo bila kushika sauti hata moja. Mpe silabi zilizovurugwa: bi, po, ba, pe, bu. Hapo utajua. Kisha nenda kwenye miunganiko kama mb, nd, ng na ng', mbwa na ngwe, ambako wanaobabaika huonekana. Na kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto mwenye disleksia, yaani shida ya kusoma, anaweza kusoma kila neno sawasawa ila taratibu mno, asielewe aya. Mpime kasi na uelewa, si usahihi tu. "Anasoma vizuri" ya mwalimu mara nyingi ina maana hakosei.

Vya kukataa

Tiba ya kusikiliza muziki uliochujwa masafa bado haijathibitishwa. Chama cha wataalamu wa usikivu na usemi wa Marekani kilitamka mwaka 2004 kwamba haijafikia vigezo vya kisayansi. Programu za kompyuta zinazorefusha na kukuza sauti za usemi zilivuma sana, lakini uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2011 haukuona kwamba zinainua lugha au usomaji kuliko vikundi vya kulinganisha. Mtoto huwa bora kwenye mchezo wenyewe. Virutubisho vya "kufungua ubongo" sivijadili. Muziki wa kawaida, wa kujifunza ala au kuimba kwaya, mpeleke akiupenda, kwa furaha yake.

Kufuatilia

Rudi kwenye daftari. Kabla ya kubadilisha chochote hesabu kwa wiki moja ni maagizo mangapi yalirudiwa darasani, kasi yake ya kusoma kwa dakika, na amechoka kiasi gani jioni. Badilisha kitu kimoja au viwili, subiri wiki sita hadi nane, hesabu tena. Kiti na kipaza sauti vikifanya kazi utaona ndani ya wiki chache. Mazoezi yanahitaji miezi. Hakuna mabadiliko? Kagua kwanza kama hatua ya 5 ilifanyika kweli au ilibaki kikaoni, maana mara nyingi kipaza sauti kiko kabatini betri zimeisha. Ikiwa ilifanyika na bado, rudi hatua ya 3, huenda lugha au umakini ndio uliokuwa mbele muda wote.

Usikivu upimwe upya kila mwaka, na mara moja baada ya maradhi ya masikio. Kuanzia miaka 9 au 10 mfundishe mtoto kujisemea: "Mwalimu, nilipata mwanzo, sehemu ya pili imenipita." Sentensi hiyo inampa mwalimu kitu cha kurudia, wakati "sijasikia" inamlazimu kuanza upya. Aifanyie mazoezi nyumbani mpaka aiseme bila aibu, kwa sababu akifika sekondari atakuwa na walimu wanane, na wewe hutakuwepo kumweleza kila mmoja.